Hapa Hakuna Mtu wa Jina Hilo

Urafiki wangu na Naeku ulianza kwa ugomvi wa maziwa. Ilikuwa mwaka wa tisini na mbili, Kitengela ikiwa bado maduka machache kando ya barabara ya Namanga, na mimi nimefungua hoteli yangu ndogo ya chai na maandazi. Mume wangu, Wakhungu, alikuwa ameletwa kufundisha shule ya msingi ya hapo, nami nikamfuata kutoka Bungoma na mwanangu Khisa mgongoni. Asubuhi moja akaja mama wa Kimaasai, mrefu, shanga shingoni, na kibuyu kikubwa cha maziwa. Nikaonja. Nikamwambia maziwa yake yananuka moshi.

"Hiyo si moshi, ni dawa ya kibuyu," akanijibu. "Maziwa ni mzuri. Ni wewe haujui maziwa."

Huyo ndiye mtu wa kwanza kunisuta Kitengela, basi nikampenda. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na asiyeniogopa hunipendeza. Kuanzia siku hiyo sikununua maziwa kwa mtu mwingine, na wateja wangu wakauzoea moshi hata wakawa wanalalamika ukikosekana.

Naeku alikuwa amezaliwa upande wa Mashuuru, akaolewa na Parsaoti akiwa hajamaliza kukua, akaletwa kuishi uwanda huu ambao wakati huo ulikuwa wa ng'ombe na pundamilia tu. Alizaa watoto wengi kuliko aliobaki nao. Waliobaki walikuwa wawili: kijana wa kwanza, Lemein, na msichana, Soipan. Kisha ndugu ya Parsaoti akafa, na mkewe naye akafuata, wakaacha mtoto wa kiume mdogo asiyejua hata kufunga shuka. Naeku akamleta kwake. Mtoto huyo naye aliitwa Lemein, kwa sababu wote wawili walipewa jina la babu yao mmoja. Ikawa Lemein mkubwa na Lemein mdogo. Parsaoti alipompeleka mdogo shuleni alimwandikisha kwa jina lake mwenyewe, Lemein Parsaoti, sawa na mkubwa, maana kwao mtoto wa ndugu ni mtoto wako na hakuna zaidi ya hapo la kueleza. Mume wangu aliwafundisha wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, na hadi leo atakuambia mkubwa alikuwa mvivu wa hesabu na mdogo alikuwa na mwandiko wa daktari.

Mimi nilimwita Naeku kwa jina la heshima waliloniambia, Ngoto Lemein, yaani mama yake Lemein. Alilipenda. Ukimwita hivyo hata kama amekasirika na bei, uso ulifunguka.

Mwaka wa tisini na sita, Lemein mkubwa alikuwa akivusha ng'ombe barabara kuu. Alikuwa kijana wa kuchumbia, nywele amezipaka udongo mwekundu wa ngeu, hana mke bado. Ng'ombe walivuka wote isipokuwa ndama mmoja aliyesita katikati ya lami. Akarudi kumchukua. Lori lililokuwa likitoka upande wa Namanga halikusimama. Ndama alipona.

Habari ilipofika hotelini niliacha sufuria motoni nikakimbia. Sasa, kwetu Bungoma mtu akifa tunamlilia kwa jina. Tunamwita, tunamuuliza ametuacha na nani, tunamlaumu, mpaka sauti zikauke. Mimi sikujua njia nyingine ya kulia. Niliingia bomani kwa Naeku nikipaza sauti, "Lemein! Lemein mwanangu!" Soipan akanirukia akaniziba mdomo kwa kiganja.

"Mama Khisa, usiite," akaninong'oneza. "Kijana akikufa kama hajaoa, hajaacha mtoto, jina yake inazikwa na yeye. Hakuna mtu wa hii boma ataitaja tena. Mama akisikia hiyo jina ni kama umemuua mtoto mara ya pili."

"Na huyu mdogo?" nikauliza. "Huyu si ni jina hilohilo?"

"Huyu atapewa ingine."

Kweli, mazishi hayajapoa, mdogo akapewa jina la Saruni. Naeku naye akaacha kuwa Ngoto Lemein. Akawa Ngoto Soipan. Nilipomwita hivyo mara ya kwanza aliitika, lakini aliitika polepole, kama mtu aliyeitwa kutoka chumba cha mbali.

Sitaficha, jambo hilo lilinichoma. Niliona ni kumfuta mtoto wa watu kama chaki ubaoni. Nikamwambia Wakhungu, naye akaniambia ninyamaze, kila watu wana msiba wao. Polepole nilianza kuelewa. Jumapili moja mchungaji alikuwa akisoma majina ya watoto wa kubatizwa, na kati yao kulikuwa na Lemein wa familia nyingine kabisa. Naeku aliinuka kwenye benchi akatoka nje. Nilimfuata nikamkuta ameshika ukuta wa kanisa kwa mikono yote miwili, anahema. Hakulia. Aliniambia tu nimpe maji. Tangu siku hiyo sikuleta tena ujuaji wangu.

Kwa hiyo hata cheti cha kifo hakikuchukuliwa. Nani angekwenda kusimama dirishani Kajiado na kutamka jina? Mtoto alizikwa, jina likazikwa, na karatasi za serikali zikaachwa zijue zenyewe.

Saruni alikua. Alikuwa kijana mpole, mrefu kupita mlango, mwenye aibu ya wasichana. Nyumbani kila mtu alimwita Saruni, na mimi pia. Shuleni kwenye rejista alibaki Lemein Parsaoti, maana karatasi haisikii msiba wa mtu. Hakuna aliyeona ajabu. Hata mwanangu nyumbani ni Khisa, kwa karatasi ni Lennox, na ukimtafuta kwa jina la Lennox pale mtaani kwetu utazunguka mpaka viatu viishe.

Kisha ukaja ule ukame wa mwaka elfu mbili. Ng'ombe wa Parsaoti walikufa wakiwa wamesimama, wakidondoka mmoja mmoja kwenye njia ya kisima. Na wakati huohuo watu wa Nairobi walikuwa wameanza kuja na magari kuulizia ploti. Parsaoti akauza kipande cha mbele, kisha cha kando, kisha kile cha malisho. Walionunua wakazungusha nyaya. Naeku, aliyekuwa akitembea moja kwa moja kutoka bomani mpaka hotelini kwangu, sasa alilazimika kuzunguka ua baada ya ua na kibuyu chake, na maziwa yenyewe yalikuwa ya kikombe kimoja kimoja. Siku nyingine hakuwa na kitu, anakuja tu kukaa.

"Kama Saruni angepata kazi ya mshahara," aliniambia mara nyingi. "Moja tu. Mimi siulizi Mungu mbili."

Saruni alikuwa amemaliza kidato cha nne kwa shida na alama zisizosomesha mtu mbele. Lakini alikuwa na miguu. Ilipotangazwa kwamba jeshi litaandikisha vijana Kajiado, mwaka elfu mbili na tatu, hakulala na hakutulaza. Tulijaza ile fomu mezani pale hotelini, chai ikipoa. Jina kamili, kama lilivyo kwenye kitambulisho. Mahali pa kuzaliwa. Jina la mzazi. Shule. Kisha wakatakiwa watu wawili wanaomjua vizuri, wasio ndugu zake, wa kushuhudia tabia yake. Wa kwanza akawa Wakhungu, ambaye aliandika sifa za kijana kwa Kiingereza kirefu hivi kwamba nilimuuliza kama naye anaomba kazi. Wa pili akawa mchungaji. Nilimwuliza Saruni mbona hajaniweka mimi, mtu niliyemlisha maandazi tangu ana meno ya maziwa. Akacheka, akasema jeshi linataka watu wa mihuri.

Siku yenyewe vijana walikimbizwa uwanjani na jua la saa sita, wakapimwa kifua, wakaangaliwa nyayo na meno. Wengi wa rika la baba zake wangerudishwa hapo, kwa pengo la meno mawili ya chini yanayong'olewa utotoni, lakini yeye yake yalikuwepo yote. Jioni alirudi na namba imeandikwa kifuani kwa wino na barua ya kumwita mkononi. Naeku alimshika uso kwa mikono miwili. Parsaoti, mzee ambaye kwa kawaida alisalimia kwa kichwa tu, alimtemea mate ya baraka kwenye paji la uso na kuchinja mbuzi wake wa mwisho mnono. Nilikula mbuzi yule na kulia kwa furaha, na sioni haya kusema hivyo.

Vijana walikuwa wameambiwa jambo moja. Kabla ya siku ya kuripoti, kungekuja watu kuulizia habari zao majumbani, kuhakikisha kwamba kijana ni yule anayesema ni yeye. Saruni akamwambia mamake mbele yangu:

"Yeyo, watu wakikuja kuuliza juu yangu, waambie tu ukweli. Usiogope."

"Kwa nini niogope?" akasema Naeku. "Wewe uko na nini ya kuficha?"

Wiki iliyofuata mama yangu mzazi alifariki nikaenda Bungoma kumzika. Kwa hiyo haya ya wageni sikuyaona kwa macho. Niliyapata baadaye kwa Naeku mwenyewe na kwa Florence, mwanamke aliyefungua kioski karibu na boma lao baada ya ploti kuuzwa.

Walikuja wanaume wawili wamevaa nguo za kiraia. Walianzia shuleni, wakamkuta Wakhungu akiingia darasani, wakamuuliza kama aliwahi kumfundisha Lemein Parsaoti. Akasema ndiyo, mtoto mzuri, hana neno. Walimshukuru wakaondoka, mazungumzo yenyewe yalikuwa ya mlangoni. Mchungaji walimkosa, alikuwa kwenye semina Ngong. Wakaenda bomani. Parsaoti hakuwepo. Naeku alikuwa nje anapiga kiraka cha samadi kwenye ukuta, mikono imechafuka. Hawakusema ni wa jeshi. Pengine ndivyo walivyofundishwa, sijui.

"Mama, hapa ndipo nyumbani kwa Lemein Parsaoti?"

Miaka saba jina hilo halikuwahi kuingia katika boma lile. Aliniambia hakuwaza Saruni hata kidogo. Saruni alikuwa Saruni. Aliwaza lori. Aliwaza kwamba ni watu wa serikali wamekuja kumfukua mtoto wake, sijui kwa kesi gani, na kwamba wasipojibiwa haraka watalitamka tena.

"Hapana," akasema. "Hapa hakuna mtu wa jina hilo."

"Wewe huna mtoto anaitwa Lemein?"

"Sina mtoto wa jina hilo."

"Na kijana anayeishi hapa anaitwa nani?"

"Saruni."

Walitazamana. Akawakaribisha chai, kwa maana mgeni ni mgeni, wakakataa. Walipokuwa wakitoka walisimama kwenye kioski cha Florence kununua soda, wakamuuliza kama amesikia mtu anaitwa Lemein wa boma lile. Florence si mtu mbaya. Ana mdomo, lakini si mbaya. Alikuwa amehamia pale majuzi tu na habari zote za mtaa amezipata kaunta.

"Lemein? Si ndio huyo waliniambia aligongwa na lori hapo barabara?" akawajibu. "Huyo alishakufa kitambo."

Basi wakaunganisha. Mwalimu anasema Lemein alikuwepo na alikuwa mtoto mzuri. Jirani anasema Lemein amekufa. Mama mzazi anasema hana Lemein, ana Saruni. Sifa zote ambazo mume wangu alizitoa wakazipeleka kwa marehemu, na aliye hai wakamwona mwizi wa karatasi.

Saruni aliripoti siku aliyoitwa na sanduku lake la bati, nywele amenyoa mwenyewe kabla ya kunyolewa. Walipokuwa wakiitwa mmoja mmoja, yeye aliwekwa kando. Akaambiwa anatumia vyeti vya mtu aliyekufa. Alipokana walimsomea maneno ya mamake. Akaambiwa aende nyumbani ashukuru kwamba hashtakiwi.

Nilikuwa nimerudi kutoka Bungoma siku mbili tu, bado nimevaa kitambaa cha msiba. Akaingia hotelini na sanduku begani, akaliweka chini, akakaa.

"Mama Khisa," akasema, "mama yangu alinikana."

Nikamwambia anyamaze, hajui anachosema. Akanieleza yote. Hapo hasira zangu zilipanda hata sikujua nimkasirikie nani. Niliwakasirikia wale wanaume, kwamba wametembea maili zote hizo na hawakuweza kuuliza swali moja zaidi. Nilimkasirikia Florence. Nilimkasirikia Wakhungu kwa kuyamaliza mazungumzo mlangoni, yeye ambaye akianza kunieleza habari za taarifa ya habari humalizi kumsikiliza hadi usiku. Kisha nikafunga hoteli mchana kweupe, nikaenda kwa Naeku.

Nilimkuta anakamua ng'ombe wake mmoja. Nikamweleza polepole. Mwanzoni hakuelewa.

"Lakini mimi nilijibu vizuri," akasema. "Mimi nilisema ukweli. Hapa hakuna mtu wa jina hilo. Wewe unajua hakuna."

"Ngoto Soipan, walikuwa wanamuuliza Saruni. Kwa karatasi, Saruni bado ni... bado ni lile jina."

Niliona likimwingia. Mikono ilibaki kwenye kiwele lakini maziwa hayakutoka tena. Ng'ombe akageuka kumtazama. Uso ule sitaki kuuona tena kwa mtu yeyote.

Chifu, aliyekuwa mgeni katika lokesheni yetu, aliandika barua ya kueleza. Wakhungu akaandika yake. Tulipoulizia, tukaambiwa barua si mbaya, lakini kilichomharibia kijana ni maneno ya mzazi, kwa hiyo mzazi mwenyewe afike Kajiado ayasahihishe kwa mdomo wake. Parsaoti akakataa kwenda. Akamkataza na mkewe.

"Kazi inatafutwa," alisema. "Aliyezikwa hafukuliwi."

Zikapita siku kadhaa. Halafu asubuhi moja akaja hotelini amevaa shuka yake mpya, shanga zote, na kuniambia, "Twende." Saruni alikuwa nyuma yake. Hakuniambia kama mumewe amekubali, nami sikuuliza.

Kule Kajiado tulipokelewa na afisa mmoja, Afande Omolo, mtu mnene mwenye miwani ya kusomea. Sikumwona kuwa mkorofi. Alitupa viti. Alisoma barua ya chifu, akasoma ya mume wangu, akafungua faili.

"Sawa," akasema. "Hapa naelezwa ulikuwa na vijana wawili wa jina moja, na mmoja alikufa. Hiyo inaeleweka. Nataka tu niandike kutoka kwako, mama, wewe ndio mzazi. Huyo aliyekufa aliitwa nani?"

Naeku alinitazama mimi.

"Aliitwa Lem..." nikaanza mimi.

"Si wewe, mama. Yeye."

Naeku alitazama sakafu. Midomo ilisogea, haikutoa kitu. Niliona jasho linateremka shingoni mwake, linapita chini ya shanga. Afande alisubiri. Alimuuliza tena kwa upole, na mara ya tatu kwa kuchoka, maana kulikuwa na watu wengine nje. Nilikuwa nimemshika Naeku mkono, na mkono ule ulikuwa baridi kama umetoka kisimani.

Saruni ndiye aliyesimama.

"Afande, wachana na yeye," akasema. "Hiyo kazi basi. Yeyo, inuka twende nyumbani."

Akatoka nje. Alitoka bila kukasirika, na hilo ndilo lililoniua. Alikuwa amemwona mamake akiteseka na akaamua, hivyo tu, mtu wa miaka ishirini na kidogo, kwamba hakuna mshahara unaostahili hayo.

Naeku aliusikia mlango ukifungwa. Ndipo akasema.

"Lemein."

Alilisema chini chini, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, ya kumwita mtoto aliyelala. Kisha akalisema tena, kwa nguvu.

"Lemein ni mtoto yangu. Wa kwanza. Alikufa kwa barabara, alirudia ndama. Na huyu ametoka nje pia ni Lemein. Ni ya ndugu ya bwana yangu, mimi ndio nimelea. Yeye si mwizi. Mimi ndio nilikataa jina, si yeye."

Afande aliandika. Alimaliza kuandika, lakini Naeku hakumaliza. Akaendelea. Akasema mwanawe alizaliwa wakati wa mvua, akasema alichelewa kutembea, akasema alikuwa anaimba akichunga na sauti yake ilikuwa mbaya na ng'ombe walimzoea. Miaka saba yote ilimwagika pale ofisini mbele ya mtu asiyemjua. Afande Omolo akaweka kalamu chini, akavua miwani, akamsikiliza mpaka mwisho. Hapo namheshimu.

Halafu akasema, "Pole sana, mama. Faili nimelirekebisha. Kijana sasa hana doa."

"Kwa hivyo anaenda lini?" Naeku akauliza.

Afande akanitazama mimi badala yake. "Kundi lake lilishaenda kwa mafunzo. Nafasi yake ilichukuliwa siku ileile na aliyemfuata. Ajaribu mwaka ujao."

Nilisimama nikamwuliza kwa nini hakutuambia hivyo kabla hajamtoa mama wa watu roho. Nilipiga meza. Akasema aliombwa arekebishe faili, na amelirekebisha, na kurudisha nafasi si kazi yake. Alikuwa anasema kweli, na ningefurahi zaidi kama angekuwa anadanganya. Naeku aliniomba nisipige kelele. Alitoka nje akamkuta Saruni ameegemea ua, akamshika mkono, na tukaenda zetu.

Parsaoti alijua kabla hatujafika, sijui kwa nani. Hakumpiga mkewe, hakumtukana. Alikusanya ng'ombe waliobaki, isipokuwa yule mmoja wa maziwa, akahamia kwa ndugu wa ukoo wake, mbali, na hakurudi tena kulala katika nyumba ile. Alituma neno moja tu, kwamba hawezi kula chakula cha mtu aliyefukua.

Mwaka uliofuata jeshi lilitangaza tena. Wakhungu alimletea Saruni gazeti. Saruni akalisoma, akalikunja vizuri, akamrudishia.

"Mwalimu, nikienda watakuja tena kumuuliza," akasema.

Tulimsihi. Nilimsihi mpaka nikamtukana. Hakwenda. Alipata kazi ya kulinda geti kwenye zile nyumba mpya za ghorofa, zilizojengwa palipokuwa malisho ya babake, na hapo ndipo alipo, anafungua na kufunga, anapiga saluti magari yakiingia. Wenye nyumba humwita soja.

Naeku aliendelea kuja hotelini. Nilidhani kwa kuwa alishalitamka jina, labda sasa tungeweza kumzungumzia mtoto wake, akalia, akapumua, kama tunavyofanya sisi. Siku moja nilijaribu. Akanyanyua mkono kunizuia. Akazungusha kikombe, kisha akaniuliza jambo ambalo lilikuwa limemkalia, nafikiri, tangu Kajiado.

"Mama Khisa, wewe na mwalimu mnajua mambo ya karatasi. Ile kitu yule afande aliandika, bado iko huko kwao?"

"Iko. Faili huwekwa."

"Na watu wanaweza kufungua wasome? Mtu yeyote, anamsoma tu mtoto wangu hivyo?"

Nilimwongezea chai kikombeni.

"Mwambie mwalimu awaandikie barua," akasema. "Kazi wakae nayo. Mimi sidai kazi. Awaambie wanirudishie jina."

Nilimpelekea Wakhungu ujumbe ule kama ulivyo, na kwa mara moja katika maisha yake hakuwa na la kusahihisha. Jioni hiyo alikaa mezani na karatasi. Akaandika anwani, akaandika tarehe, akaandika kwa afisa mhusika. Akaandika kwamba mama fulani wa Kitengela anaomba kwa unyenyekevu jina la marehemu mwanawe liondolewe kwenye faili lao. Kisha akakomea hapo, kwa sababu ili waliondoe ilibidi awaandikie ni jina gani. Aliniangalia. Akaiweka kalamu chini, na barua ile haijamalizika mpaka leo.